Macho ya njano: usitoke chumba cha altrasaundi bila kujua mrija wa nyongo una milimita ngapi

#1 FundiMionzi
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mtu wa mionzi, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Kazi yangu kutwa ni kupaka watu jeli tumboni na kutazama vivuli gizani. Leo nimetoka kazini na hasira, nikaona badala ya kuzipeleka nyumbani nizimalizie humu.

Asubuhi kaletwa bibi mmoja wa miaka kama sabini, kashikwa mkono na mjukuu wake. Macho njano kama embe bivu. Kajikuna mpaka mikono imejaa makovu. Mjukuu ana mfuko wa rambo umejaa karatasi: miezi miwili, vituo vitatu. Kaambiwa homa ya ini, kaambiwa malaria sugu, mtaani kaambiwa nyongo imepanda akapewa mizizi achemshe. Ndani ya ule mfuko nikakuta karatasi ya altrasaundi ya wiki 5 nyuma. Mstari mmoja na nusu: ini la kawaida, mfuko wa nyongo hauna mawe. Basi. Mrija haukutajwa kabisa, kana kwamba huyu bibi hakuumbwa nao.

Nikamlaza, nikaweka probu, kile kishikio cha mashine tunachopitisha juu ya ngozi, chini ya mbavu za kulia. "Bibi, vuta pumzi, ishikilie hapo hapo." Picha ilipotulia sikuhitaji kuhangaika. Mirija ya ndani ya ini, ambayo kwa mtu mzima wa afya huwa myembamba hata huioni vizuri, ilikuwa imefura na kujitawanya kama matawi ya mbuyu wakati wa kiangazi. Nikaufuata mrija mkuu, nikaupima: milimita 17. Wa kawaida haupiti 6 au 7. Mfuko wa nyongo nao umejaa kama biringanya, hauna hata punje ya jiwe, na nikiuminya kwa probu bibi hashtuki.

Wataalamu mliomo humu mmeshajua naelekea wapi. Nitarudi kwake.

Kwanza tusafishe neno. Huku kwetu nyongo ni kila kitu. Ukitapika asubuhi, nyongo. Ukikosa hamu ya kula, nyongo. Mdomo ukiwa mchungu, nyongo. Mimi naongelea yale maji ya kijani-njano yanayotengenezwa na ini, kwa mtu mzima ni nusu lita na zaidi kila siku. Yanakusanywa na vijirija vidogo, vinaungana kama vijito, unapatikana mrija mkuu mmoja unaoteremka, unapenya kwenye kichwa cha kongosho, unamwaga kwenye utumbo mdogo. Mfuko wa nyongo umening'inia pembeni kama dumu la akiba.

Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira wa maji anajua: ukiuziba mbele, unafura nyuma. Altrasaundi inategemea hilo tu. Mashine haioni unjano. Inaona mpira uliofura.

Kwa hiyo mgonjwa wa macho ya njano akilala kitandani kwangu nina maswali matatu ya kujibu. Pameziba? Pameziba wapi? Pamezibwa na nini? La kwanza altrasaundi inalijibu vizuri sana. La pili vizuri kiasi. La tatu ndilo linalotuaibisha.

Naendelea chini, msikae mbali.

#2 BongeLaUgali
Naweka kambi hapa. Mie nilijua altrasaundi ni ya wajawazito tu aisee.

#3 FundiMionzi
@BongeLaUgali huko ndiko ilikopatia jina mkuu. Lakini hata makala ya Ian Donald na wenzake wa Glasgow, ile ya 1958 iliyoifungulia njia, kichwa chake kilihusu uvimbe wa tumboni. Ujauzito uliingia humo humo, kwa sababu yeye alikuwa daktari wa wanawake.

Tuendelee. Mrija mkuu wa nyongo hauko peke yake. Umeongozana na vitu viwili: mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na ateri ya ini. Ukivikata kwa upana kwenye kioo unapata kichwa cha Mickey Mouse. Uso ni ule mshipa mkubwa, sikio la upande wa kulia wa mgonjwa ni mrija wa nyongo, sikio la kushoto ni ateri. Sasa anayejifunza kazi anaweza kupima ateri akidhani ni mrija, akaandika "kawaida", mgonjwa akarudi nyumbani na kizibo chake. Ndiyo maana tunawasha rangi, ile Dopla. Damu inatembea kwa kasi kwa hiyo inawaka nyekundu na buluu. Nyongo haiwaki. Bomba lisilowaka ndilo unalolitafuta.

Ndani ya ini nako kuna alama yake. Ukiona mabomba mawili sambamba pale ulipotegemea moja, kama mitutu ya bunduki ya kizamani, moja ni mshipa wa damu na la pili ni mrija uliofura. Washa rangi. Mmoja ukiwaka na mwingine ukibaki mweusi, pameziba.

Na tafadhali njooni mmefunga. Masaa 6 hadi 8 bila chakula. Si adhabu. Ukinywa chai ya maziwa na chapati pale kwa mama ntilie wa getini, mfuko wa nyongo unajikamua, unabaki kama puto lililopasuka, na tumbo linajaa hewa. Altrasaundi na hewa ni paka na panya. Wiki iliyopita kuna baba kaapa mbele yangu hajala tangu jana, huku vidole vinanukia supu ya utumbo.

#4 Mbishi_wa_Kata
Mkuu uzi mzuri lakini usitupambe sana. Mzee wangu mwaka juzi alipigwa altrasaundi mara mbili, hospitali mbili tofauti. Zote zikaandika kawaida. Kumbe jiwe lilikuwa limekaa mwishoni kabisa mwa mrija. Liligundulika kwa MRI baada ya kuuza ng'ombe. Sasa hii mashine yenu ina faida gani?

#5 FundiMionzi
@Mbishi_wa_Kata pole kwa mzee, na hapa siwezi kuitetea mashine kwa uongo.

Jiwe likiwa ndani ya mfuko wa nyongo, altrasaundi ni mwisho wa maneno. Linang'aa kama kokoto chini ya tochi, nyuma yake linaacha kivuli cheusi kilichonyooka, na ukimgeuza mgonjwa ubavu linaporomoka upande wa pili mbele ya macho yako. Likishatoroka likaingia kwenye mrija mkuu, hiyo ni habari nyingine. Mwisho wa mrija umejificha nyuma ya utumbo mdogo, na utumbo una hewa. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalijumlisha tafiti kadhaa yakakuta hivi: kati ya watu 100 wenye jiwe kwenye mrija mkuu, altrasaundi inawanasa kama 73. Wale 27 wanaambiwa hamna kitu. Mzee wako alikuwa kwenye hao.

Kuna mbinu za kupunguza hao 27. Mgeuze alalie ubavu wa kushoto. Msimamishe. Mnyweshe glasi mbili za maji, tumbo la chakula likijaa maji linakuwa dirisha la kuonea kichwa cha kongosho. Minya kwa probu taratibu mpaka hewa isogee. Hayo yanataka dakika 15 au 20, na nje kuna foleni ya watu 40. Sisemi hilo kama kisingizio, nasema ndivyo ilivyo.

Lingine: mrija hauvimbi saa hiyo hiyo. Jiwe likiziba leo alfajiri, jioni mrija unaweza kuwa bado na milimita 5. Na ini lililokakamaa kwa sirosisi huwa linakataa kutanuka hata pakiziba. Kwa hiyo "kawaida" ya altrasaundi kwa mtu mwenye macho ya njano, mkojo kama koka na choo cheupe haimalizi kesi. Inarudiwa, au anapelekwa MRCP, ile MRI inayochora mirija ya nyongo peke yake. Mzee wako walimwandikia kipimo sahihi, ila wamechelewa.

#6 Mbishi_wa_Kata
Nimekuelewa. Ng'ombe hajarudi lakini nimekuelewa.

#7 NesiZamuYaUsiku
Niongezee ya wodini. Mgonjwa wa kizibo akianza homa na kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, hapo hatuongei tena habari ya foleni. Manjano, maumivu ya mbavu za kulia, homa ya kutetemeka: Mfaransa Charcot aliyaunganisha hayo matatu mwaka 1877 na mpaka leo tunayatumia. Ni maambukizi ndani ya mirija iliyoziba. Akianza kuchanganyikiwa na presha ikashuka, anaweza kufa kabla ya raundi ya asubuhi ya madaktari. Msimweke nyumbani mkidhani ni malaria kwa sababu anatetemeka.

Na kitu wengi hawakijui: nyongo isipofika kwenye utumbo, vitamini K haifyonzwi, damu inachelewa kuganda. Ukiona mgonjwa anapiga mswaki ufizi unatoa damu haukomi, mwambie daktari. Kuna sindano ya vitamini K, tunachoma kabla hajaenda kwenye utaratibu wowote wa kumtoboa.

#8 MwanaWaKibokoni
Assalaam alaykum kutoka Mombasa. Mimi nataka kuuliza jambo moja. Mamangu alitolewa mfuko wa nyongo miaka minane nyuma. Juzi kapigwa altrasaundi kwa sababu ya vidonda vya tumbo, wakaandika mrija milimita 9. Sasa nilivyosoma hapa 6 ndio mwisho, usingizi umenipaa. Yeye mwenyewe hana neno, mzima, ana miaka sabini na mbili, jana kenda harusini.

#9 FundiMionzi
Waalaykum salaam @MwanaWaKibokoni. Lala usingizi ndugu yangu. Aliyetolewa mfuko wa nyongo mrija wake hutanuka kidogo, mpaka 10 huwa tunavumilia. Umri nao unaongeza: wengi tunahesabu milimita moja zaidi kwa kila miaka kumi baada ya 60. Mama ana sababu zote mbili. Kama macho ni meupe, choo kina rangi yake na vipimo vya ini kwenye damu viko sawa, hiyo 9 ni ya kwake. Namba peke yake haina ugonjwa, inasomwa pamoja na mwenyewe.

#10 MwanaWaKibokoni
Allah akujaze kheri. Namwambia sasa hivi.

#11 KlinikoLodwar
Salamu kutoka Turkana. Huku kwetu kuna kizibo ambacho vitabu vingi vinakipa mstari mmoja: tegu la mbwa. Watu wanaishi na mbwa kwa ukaribu, mayai ya tegu yanaingia mdomoni, kwenye ini linaota fuko la maji. Kwa altrasaundi unaliona wazi, duara jeusi, mara nyingine lina vifuko vidogo ndani yake. Fuko likipasukia kwenye mrija wa nyongo, utando wake unateremka unaziba. Mgonjwa anakuja manjano na homa, na asiyejua mazingira anatafuta jiwe mpaka achoke.

#12 FundiMionzi
@KlinikoLodwar asante sana, hilo mimi nimelisoma tu. Huku kwetu mgeni wa namna hiyo ni mnyoo wa duara. Kuna mtoto wa miaka 7 aliletwa analia tumbo, amejikunja. Kwenye mrija nikaona mstari mrefu mweupe wenye njia nyeusi katikati, kama bomba ndani ya bomba. Hauna kivuli. Nikashika probu nikatulia, nikidhani labda mtu aliwahi kumwekea mpira wa plastiki. Yule "mpira" ukajipinda. Nesi aliyekuwa ananishikia mtoto akaiacha miguu yake akarudi nyuma hatua mbili.

Alipewa dawa za minyoo na za maumivu, baada ya siku nne nikampiga tena, mnyoo hayupo. Wengi hutoka wenyewe namna hiyo. Anayegoma kutoka ndiye anayehitaji kufuatwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni.

Na wenzangu wa visiwani na mwambao wa Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo hutudanganya. Kinaweka kovu jeupe kuzunguka mishipa ya ini, picha inajaa mabomba yenye kuta nene. Kijana mpya anaandika mirija imetanuka. Haijatanuka, ni ukuta umenenepa. Rangi inawashwa, bomba linawaka, ni damu.

#13 BinamuWaTemeke
Mwanangu ana sikoseli, miaka 15, macho yake ni njano tangu nimjue. Nitajuaje siku imekuwa kizibo?

#14 NesiZamuYaUsiku
@BinamuWaTemeke watoto wa sikoseli chembe zao nyekundu zinavunjika kila siku, ndiyo unjano wa kawaida yao. Hizo hizo takataka za chembe zinatengeneza mawe kwenye nyongo mapema, hata kabla ya balehe. Siku unjano ukizidi wa siku zote, akaumwa tumbo upande wa kulia, choo kikapauka au ngozi ikamuwasha, mpeleke. Wapime bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, zote mbili: ile ya dairekti, iliyokwisha kupita kwenye ini, ikipanda ndiyo ya kutilia shaka. Na altrasaundi siku hiyo hiyo.

#15 BongeLaUgali
Bibi mkuu. Umetuacha njiani.

#16 FundiMionzi
Haya, bibi.

Mwaka 1890 daktari mpasuaji wa Uswisi, Courvoisier, aliandika jambo alilolikuta akiwapasua wagonjwa wa manjano. Mfuko wa nyongo ukiwa umetanuka, mara nyingi kilichoziba si jiwe. Mwenye mawe mfuko wake umeshaugua miaka, umesinyaa, ukuta mgumu, hauwezi kufura. Mfuko mwororo unaofura kama biringanya bila kuuma maana yake kuna kitu kimebana mrija polepole kutoka nje. Inakosea mara chache, lakini mimi nikiuona mfuko wa namna ile mkono unanishuka.

Nikamnywesha bibi maji, nikamkalisha, nikaufuata ule mrija wa milimita 17 kuelekea chini. Unateremka, unateremka, halafu unakatika ghafla kama uliokatwa kwa kisu. Hapo ulipokatika, kichwa cha kongosho, kuna bonge jeusi kidogo kuliko nyama inayolizunguka, kingo hazinyooki. Sentimita 3 na ushee. Na mrija wa kongosho lenyewe nao umefura. Mirija miwili kufura kwa pamoja, kizibo kipo pale inapokutania.

Nikaandika ripoti ukurasa mzima. Milimita, mahali palipokatika, bonge, mishipa iliyo jirani, maji tumboni hakuna. Nikampigia daktari simu badala ya kumtuma mjukuu na karatasi. Anapelekwa hospitali ya kanda kwa CT, ile picha ya mionzi ya vipande vipande. Kama haiwezekani kulitoa, anaweza kuwekewa kijibomba kwa kamera ili nyongo ipite. Kijibomba hakitibu bonge, lakini kule kujikuna kunaisha na mtu analala usiku.

Mjukuu akaniuliza, "Ile ya kwanza si walisema kawaida?" Nikamwambia walitazama mfuko, hawakutazama mrija. Hakusema kitu. Akaikunja ile karatasi ya zamani akairudisha kwenye rambo.

Ndiyo hasira zangu. Wiki 5. Siwezi kuapa kwamba zingebadilisha mwisho wake, lakini zilikuwa za kwake. Kwa hiyo ukipelekwa altrasaundi na macho ni njano, uliza kwa adabu tu: "Samahani daktari, mrija mkuu una milimita ngapi?" Kama hakuupima ataweka probu tena. Kama umefichwa na hewa, ataandika hivyo, na hilo nalo ni jibu, maana daktari wako atajua kazi haijaisha.

#17 MamaKichanga
Samahani wakubwa naingilia, nimesoma uzi wote na mwili unatetemeka. Mtoto wangu ana siku 44. Macho njano tangu azaliwe. Zahanati wanasema nimwanike juani asubuhi. Ananyonya vizuri, ananenepa. Ila choo chake ni cheupe, kama ugali wa muhogo. Nimeona hapo juu mmeandika choo kupauka.

#18 NesiZamuYaUsiku
@MamaKichanga mama usisubiri. Kesho asubuhi hospitali. Jua la asubuhi halihusiki na choo cheupe. Waambie unataka bilirubini ya dairekti, litaje kwa jina.

#19 FundiMionzi
@MamaKichanga sikiliza vizuri. Kichanga mwenye unjano uliopita wiki mbili na choo cheupe tunahofia mirija ya nyongo kuziba yenyewe na kugeuka kovu. Huenda siyo, lakini lazima iondolewe kwenye orodha haraka. Kuna upasuaji aliouanzisha daktari Kasai wa Japani miaka ya 1950, unaunganisha utumbo moja kwa moja na ini, na matokeo huwa mazuri zaidi ukifanyika kabla ya siku 60. Wewe uko siku ya 44, muda upo.

Na hapa niwaambie wote, kwa kichanga kanuni yangu ya mpira wa maji inageuka. Mirija yake haifuri kwa sababu imekauka, haina kitu. Tunachotafuta ni mfuko wa nyongo mdogo mno au usioonekana, na kovu jeupe la pembetatu juu ya mshipa mkuu wa ini. Mtu akikuambia "mirija haijatanuka, mtoto mzima", usiridhike nalo. Mwambie na habari ya choo.

#20 BinamuWaTemeke
Mungu amsimamie.

#21 MamaKichanga
Nimerudi. Dairekti imetoka juu. Daktari wa watoto ameandika rufaa, tunapanda basi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Je nisimnyonyeshe kama mlivyosema kufunga?

#22 FundiMionzi
Hapana mama, yale masaa 8 ni ya wakubwa. Njiani mnyonyeshe kama siku zote. Ukifika uliza altrasaundi ni saa ngapi, kisha uhesabu masaa kama manne kurudi nyuma, wakikupangia tofauti fuata yao. Mfuko wake ukiwa umejikamua hatutajua kama haupo au amenyonya tu. Akishapigwa mpe titi hapo hapo.

Na nepi ya mwisho yenye choo usiitupe. Ifunge kwenye mfuko uende nayo, waione kwa macho yao.

#23 MamaKichanga
Nimeshaifunga.